Mbao Ghalani na Wadudu Wanaozibungua

Wadudu wanaobungua mbao ni wale ambao mabuu wao, na mara nyingine wadudu wapevu wenyewe, huishi ndani ya mti wakipata humo chakula, maskani au vyote viwili. Wengi wao ni mbawakawa. Waliosalia ni hasa mchwa na jamii chache za nyuki na nyigu. Msituni wana kazi yenye heri: huvunjavunja miti iliyokufa na kuirudishia ardhi rutuba yake. Wakiingia katika gogo lililokwisha kulipiwa ushuru, katika rundo la mbao linalosubiri mnunuzi au katika kabati lililokwisha kupigwa vanishi, kazi ile ile huwa hasara. Humwumiza mvunaji, mwenye kiwanda, fundi seremala na mwisho mwenye nyumba. Huumiza msitu pia, kwa kuwa kila ubao unaobunguliwa kabla ya wakati wake hudai mti mwingine uangushwe badala yake.

Kila aina ya mdudu huja kwa wakati wake, na wakati huo hupangwa na vitu viwili vilivyomo ndani ya mti wenyewe: maji na chakula. Anayejua ubao una maji kiasi gani na wanga kiasi gani amekwisha kujua ni mdudu yupi wa kumwogopa. Ndiyo maana kuhifadhi mbao ni kazi inayoanza siku mti unapoangushwa. Wiki chache za kwanza huamua sehemu kubwa ya yatakayotokea miezi na miaka ya baadaye, na unga unaoonekana sakafuni mara nyingi ni habari ya kosa lililofanyika zamani.

1. Maji, wanga na kiini

Gogo lililoangushwa leo limejaa maji. Katika miti kadhaa uzito wa maji hayo hufikia uzito wa mti wenyewe ukiwa mkavu, na pengine huuzidi. Maji yaliyomo ndani ya mashimo ya chembe hutoka kwanza. Yakiisha, hubaki yale yaliyonywewa na kuta za chembe, kiasi cha asilimia 25 hadi 30 ya uzito wa mti mkavu. Kuanzia hapo ubao husinyaa kadiri unavyozidi kukauka. Ukiwekwa kivulini penye hewa, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hutulia kwenye unyevu wa asilimia 12 hadi 18, pwani ukiwa juu zaidi kuliko bara kavu. Wadudu nao hufuata mpangilio huo: wapo wa mti mbichi, wapo wa mti unaokauka, na wapo wa mti uliokwisha kukauka.

Chakula hakikugawanywa sawasawa ndani ya gogo. Likikatwa kwa upana, huonyesha sehemu mbili. Ya nje ni nyeupe au ya rangi hafifu. Mti ulipokuwa hai ndiyo iliyopandisha maji na kuweka akiba ya wanga na sukari. Ya ndani ni kiini. Chembe zake zilikwisha kufa, wanga wake ulikwisha kutumika, na mahali pake pameingia utomvu na kemikali zinazowafukuza au kuwaua wadudu na kuvu. Mninga, mvule, mkongo na msaji ni miti inayosifiwa kwa ajili ya kiini chake. Sehemu nyeupe ya miti hiyo hiyo haina kinga hiyo.

Mafundi wengi huamini kwamba mti mgumu hauliwi. Ugumu una msaada mdogo. Ubao wa mninga ulioachwa na ukingo mweupe unaweza kugeuka unga ukingoni huku kiini kikibaki kizima. Mti wa mpira, mwembe na msufi, ambayo sehemu yake nyeupe ni pana au haitofautiani sana na kiini, huweza kuliwa ubao mzima.

Jambo la tatu ni uwezo wa mdudu wa kumeng'enya. Kuta za chembe za mti zimejengwa kwa selulosi na lignini, vitu ambavyo wanyama wachache huweza kuvitumia. Mchwa huviweza kwa msaada wa viumbe vidogo vinavyoishi tumboni mwao au kwa kuvu wanayoilima. Baadhi ya mbawakawa wana vimeng'enya vya kufanya kazi hiyo, lakini wengi hutegemea wanga, sukari na protini zilizohifadhiwa ndani ya chembe, na kuta zenyewe hupita tumboni zikatoka kama unga. Kwa mdudu wa namna hiyo mti usio na wanga hauna chakula, hata uwe laini namna gani.

2. Wadudu wa gogo bichi

Wa kwanza kufika ni mbawakawa wadogo wanaolima kuvu, ambao wanasayansi huwaweka katika nusufamilia za Platypodinae na Scolytinae. Ni wembamba, weusi au wa kahawia, wenye urefu wa milimita chache tu. Gogo lililoangushwa huanza kuchachuka chini ya gome na kutoa harufu ya pombe. Harufu hiyo huwavuta, na katika misitu ya joto wanaweza kuanza kuchimba siku chache tu baada ya mti kuanguka. Mdudu huchimba handaki moja kwa moja kuelekea ndani ya gogo, akisukuma nje unga mweupe. Mwilini mwake ana vifuko vidogo vya kubebea mbegu za kuvu, naye huzipanda kwenye kuta za handaki. Kuvu ikiota, huwa chakula chake na cha mabuu wake. Mti wenyewe hawaufanyi chakula.

Ukulima huo ndio nguvu yao na ndio udhaifu wao. Kuvu haiishi bila maji. Unyevu wa ubao ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, shamba hufa, na mdudu hufa au huondoka. Kwa hiyo ubao mkavu wenye vitundu vidogo vya mviringo, vilivyozungukwa na doa jeusi na visivyo na unga ndani, umebeba alama ya shambulizi lililokwisha. Hauambukizi mbao nyingine ghalani, na nguvu zake hazikupungua sana. Hasara iko kwenye sura: gogo lililofaa kutoa mbao za fanicha au maganda membamba ya kubandika juu ya plaiwudi hushushwa daraja na bei.

Nyuma yao huja mbawakawa wenye vipapasio virefu, wa familia ya Cerambycidae. Jike hutaga katika nyufa za gome. Buu anapoanguliwa hula kwanza chini ya gome, kisha huzama ndani ya mti, akiacha mahandaki mapana yenye umbo la yai yaliyoshindiliwa unga na vipande. Gome likiondolewa mapema, jike hukosa mahali pa kutagia na buu mchanga hukosa chakula chake cha kwanza. Katika nyanda za juu za Kenya aina mojawapo, Oemida gahani, imejulikana kwa muda mrefu kwa kuingia katika misaipresi hai kupitia matawi makavu na majeraha ya kupogolea, na mbao hufika kiwandani zikiwa zimekwisha kutobolewa. Mfano huo unaonyesha kwamba ulinzi wa mbao hugusa hata namna mti unavyopogolewa shambani.

3. Wadudu wa mbao inayokauka

Kati ya ubichi na ukavu hutawala familia ya Bostrichidae. Mwili wa mbawakawa hawa ni mviringo kama kipande cha penseli, na kichwa kimeinamishwa chini ya kifua kiasi kwamba wakitazamwa kutoka juu hakionekani. Mdudu mpevu mwenyewe huchimba ndani ya ubao na kutaga humo, hivyo uharibifu huanza kabla hata mayai hayajaanguliwa. Matundu yao kwa kawaida ni ya milimita 2 hadi 6. Hupenda sehemu nyeupe yenye wanga mwingi, na hushambulia hasa fito, nguzo zilizoachwa na gome, kuni na mbao zilizopangwa vibaya zinazokauka polepole. Mabuu waliokwisha kuingia wanaweza kuendelea kula hata baada ya ubao kukauka.

Mianzi ina adui wake katika familia hii, Dinoderus minutus, mdudu mwenye urefu wa milimita 3 hivi. Mwanzi una wanga mwingi na hauna kiini cha kuulinda, hivyo kapu, kiti au ua wa mianzi vinaweza kuwa unga ndani ya mwaka mmoja. Watu wa Asia na Afrika waliigundua dawa yake kitambo: mianzi hulowekwa mtoni au bwawani kwa wiki kadhaa, maji yakatoa sehemu ya sukari na wanga. Mianzi iliyolowekwa hivyo huvutia wadudu wachache zaidi, ijapokuwa haipati kinga dhidi ya mchwa.

Vinyago na ngoma navyo huingia katika hesabu hii. Mchongaji hupenda mti mbichi kwa kuwa hukubali patasi kwa urahisi, na kinyago huuzwa kabla hakijakauka. Bostrychoplites cornutus, mbawakawa wa Afrika mwenye pembe kifuani, amepatikana mara nyingi Ulaya ndani ya vinyago na vyombo vilivyonunuliwa na watalii. Mteja anayekuta unga chini ya kinyago chake hudhani kimeharibikia kwake, ilhali yai lilitagwa uani kwa mchongaji.

Wakulima wa Tanzania wanamjua ndugu mwingine wa familia hii. Prostephanus truncatus, anayeitwa dumuzi au Scania, alitambuliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, naye asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Ni mharibifu wa mahindi na makopa, lakini bado ana tabia ya ukoo wake: huweza kuishi katika mbao, na hupatikana hata porini mbali na mashamba. Boriti na fito za kihenge zinaweza kumhifadhi kati ya msimu mmoja na mwingine. Kusafisha kihenge bila kukagua mbao zake humwachia dumuzi mlango wa kurudi kwenye mavuno mapya.

4. Wadudu wa mbao kavu

Kwa muuza mbao ngumu na mtengeneza fanicha, adui mkubwa ni mbawakawa wa unga wa nusufamilia ya Lyctinae, hasa jenasi za Lyctus na Minthea. Ni mdudu mwembamba, wa kahawia nyekundu au nyeusi, mwenye urefu wa milimita 3 hadi 7. Jike hachimbi ili kutaga. Kwanza hung'ata uso wa ubao mahali kadhaa, akipima kama una wanga. Akiridhika, huingiza mrija wake wa kutagia katika mirija ya maji ya mti iliyokatwa na msumeno, akayaacha mayai humo. Mabuu huanguliwa ndani kwa ndani na kula kufuata mshipa wa mti, bila kuugusa uso.

Masharti ya mdudu huyu yanafahamika vizuri. Ubao uwe na unyevu wa kati ya asilimia 8 na 32 hivi. Uwe na wanga wa kutosha. Na mirija yake iwe mipana kuliko mrija wa kutagia wa jike. Sharti la mwisho huiokoa misonobari kabisa, kwa kuwa miti ya jamii hiyo haina mirija ya namna hiyo. Huiokoa pia miti migumu yenye mirija myembamba sana. Inayobaki hatarini ni sehemu nyeupe ya miti yenye mirija mipana: mvule, mninga, mpira, mwembe, msufi na aina kadhaa za mikaratusi.

Katika nchi za baridi kizazi kimoja huchukua mwaka mmoja au zaidi. Katika joto la tropiki kinaweza kukamilika kwa miezi michache. Wadudu wapevu hutoka kwa vitundu vya milimita 1 hadi 2, wakapandana na kutaga tena katika ubao ule ule au wa jirani yake. Vizazi vikifuatana, sehemu nyeupe yote hugeuka unga, na ngozi nyembamba tu ya nje hubaki ikiushikilia umbo ubao. Mwenye kabati huweza kuligundua jambo hilo siku anapouegemea mguu wa kabati nao ukabonyea.

Kipimo cha wanga ni chepesi na hakihitaji maabara. Tone la myeyusho wa iodini, ule uuzwao katika maduka ya dawa, likiangushwa kwenye sehemu nyeupe iliyokwanguliwa, hugeuka rangi ya samawati iliyokoza au nyeusi palipo na wanga. Palipobaki na rangi ya manjano au kahawia, wanga ni haba. Fundi anayenunua mbao kwa ajili ya fanicha ya thamani angeweza kufanya jaribio hilo pale pale sokoni.

Mchwa wa mbao kavu, hasa wa jenasi ya Cryptotermes, wanafuata njia nyingine. Hawahitaji udongo wala maji ya nje. Jozi moja huingia katika ufa wa ubao na kuanzisha kundi dogo ambalo huishi humo kwa miaka. Alama yao ni mavi madogo magumu kama chembe za mchanga, yenye pande sita, yanayotupwa nje kupitia kitundu kidogo. Mchwa wa ardhini huja kutoka chini, wakijenga njia za udongo juu ya ukuta, nguzo au miguu ya rundo. Hao humaliza rundo kwa kasi zaidi, lakini ni rahisi kuwaona na kuwazuia, kwa sababu njia yao ikikatwa hukosa unyevu.

Wapo pia dudu-vule, nyuki wakubwa weusi wa jenasi ya Xylocopa, wanaotoboa boriti na kenchi kavu za miti laini. Tundu lao hupitisha kidole, nalo ni la kutagia na kulelea watoto. Chakula chao ni maua. Ubao uliopakwa rangi huwavutia kidogo kuliko ubao mtupu. Ulaya na Afrika Kusini mbao laini za paa zina adui mwingine, Hylotrupes bajulus, ambaye buu wake huweza kukaa ndani ya boriti kwa miaka mingi kabla ya kutoka.

5. Kusoma matundu na unga

Matibabu sahihi hutegemea utambuzi sahihi, na utambuzi huanzia kwenye vitu vitatu: ukubwa wa tundu, hali ya unga na mahali palipoliwa. Kitundu cha mviringo chenye mdomo mweusi, bila unga, ni cha mkulima wa kuvu, na kazi imekwisha. Kitundu cha milimita 1 hadi 2 chenye unga laini kama wa muhogo, katika sehemu nyeupe ya mti mgumu, ni cha Lyctus au jamaa zake. Tundu pana zaidi lenye unga ulioshindiliwa ni la Bostrichidae. Tundu lenye umbo la yai na vipande vya nyuzi ni la wenye vipapasio virefu. Chembe zenye pande sita ni za mchwa wa mbao kavu, na udongo ni wa mchwa wa ardhini.

Swali linalofuata ni kama shambulizi bado liko hai. Matundu ya mbawakawa wengi wa mbao kavu ni milango ya kutokea, kwa hiyo tundu lenyewe huthibitisha tu kwamba mdudu alikuwamo. Unga mpya una rangi hafifu na hudondoka ubao ukigongwa; wa zamani umefifia na kushikana. Njia ya kuaminika ni kuyazungushia matundu yote alama ya chaki au rangi, kutandika karatasi nyeusi chini, na kurudi baada ya wiki kadhaa. Tundu lisilo na alama, au unga juu ya karatasi, ni ushahidi tosha.

6. Kinga kuanzia kukatwa kwa mti

Hatua ya kwanza ni mwendo wa haraka. Gogo libanduliwe gome, liondolewe msituni na lipasuliwe ndani ya siku chache. Pale ambapo kuchelewa hakuepukiki, gogo huzamishwa katika bwawa au kunyunyiziwa maji mfululizo, kwa kuwa gogo lililojaa maji halina hewa ya kumtosha mdudu. Gogo lililolala nusu kavu kwenye nyasi, gome likiwa bado juu yake, ndilo linalotafutwa na karibu kila jamii iliyotajwa hapo juu.

Hatua ya pili ni kupanga. Katika maeneo ya Mufindi, Njombe na Makete, ambako misonobari na mikaratusi hupasuliwa kwa mashine ndogo karibu na shamba, mbao nyingi hulundikwa chini kando ya barabara zikisubiri lori. Rundo la namna hiyo hukauka kwa nje na kubaki bichi kwa ndani, kuvu ya rangi ya samawati huingia, na mchwa hupanda kutoka ardhini. Rundo linalostahili husimama juu ya matofali au nguzo zilizotiwa dawa, sentimita 40 au zaidi kutoka chini. Kati ya safu na safu huwekwa vijiti vikavu vya unene mmoja, vilivyopangwa wima sawasawa ili mbao zisipinde. Juu huwekwa paa la kukinga jua na mvua, na pande huachwa wazi kwa upepo. Vijiti vyenyewe visiwe vya mti mweupe wenye gome, maana vinaweza kuwa kitalu cha wadudu katikati ya rundo.

Hatua ya tatu ni kuitenga sehemu nyeupe. Kiwanda kinachouza mbao ngumu kinaweza kuiondoa kwa msumeno na kuitumia kama kuni mara moja, au kuiacha na kuitia dawa. Kuiacha bila dawa kwa ajili ya kuongeza ukubwa wa ubao ni kumwuzia mteja ugonjwa pamoja na mbao.

7. Dawa na joto

Kwa mbao zitakazotumika ndani ya nyumba, chumvi za boroni zina sifa kubwa kuliko nyingine: ni za bei nafuu, hazibadilishi rangi ya mti, na kwa binadamu sumu yake ni ndogo ikilinganishwa na dawa nyingine za mbao. New Zealand na Australia zimezitumia kwa miongo mingi. Boraksi na asidi ya boriki huyeyushwa katika maji, mbao bichi zikachovywa mara tu zinapotoka kwenye msumeno, kisha zikapangwa kwa kubanana na kufunikwa kwa nailoni kwa wiki kadhaa. Chumvi husafiri kupitia maji yaliyomo ndani ya mti hadi katikati ya ubao. Unene ukiongezeka mara mbili, muda unaohitajika huongezeka takriban mara nne. Kazi hiyo haiwezekani katika ubao mkavu, na mvua huweza kuiosha dawa, hivyo haifai kwa nguzo za uzio wala mbao za nje.

Kwa matumizi ya nje hutumika mgandamizo. Mbao kavu hufungiwa ndani ya tangi la chuma, hewa hunyonywa, kisha dawa husukumwa ndani kwa nguvu. Mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, uliobuniwa nchini India na Sonti Kamesan mwaka 1933, ndio unaozipa mbao nyingi rangi ya kijani inayofahamika madukani. Hulinda dhidi ya mbawakawa, mchwa na kuvu kwa miaka mingi. Kwa sababu ya aseniki, Marekani na Umoja wa Ulaya zilizuia matumizi yake katika makazi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mabaki yake yasichomwe jikoni wala kwenye jiko la kuchomea nyama, kwa kuwa aseniki hubaki kwenye majivu na kupanda na moshi.

Rangi ya kijani peke yake haithibitishi kwamba dawa imeingia. Njia ya kuhakiki ni kuukata ubao mbali na ncha zake na kuangalia kina cha dawa. Ikiwa kijani kiko juu tu na ndani pote ni peupe, ubao umepakwa. Oili chafu ya magari, inayopendwa na mafundi wengi, ina udhaifu uo huo: hukaa juu, haimfikii buu aliye ndani, huzuia rangi kushika, na huleta metali zenye madhara ndani ya nyumba.

Joto huua bila kuacha sumu. Kiwango cha kimataifa cha ISPM 15, kilichopitishwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea, kinadai mbao za kufungashia bidhaa zinazotibiwa kwa joto zifikishe joto la nyuzi 56 za Selsiasi katikati yake kwa dakika 30 mfululizo. Sababu za hatua hiyo zilionekana waziwazi New York mwaka 1996, mbawakawa Anoplophora glabripennis kutoka Asia alipogunduliwa akiua miti ya mjini. Njia yake kuu ya kusafiri ni masanduku na paleti za mbao. Tanuri la kukaushia lenye kufikia joto hilo hufanya kazi mbili kwa pamoja. Hata hivyo joto halibakizi kinga: ubao wenye wanga ukirudishwa karibu na rundo lenye wadudu unaweza kutagwa upya.

8. Mbao iliyokwisha kushambuliwa

Unga ukionekana ghalani, kazi ya kwanza ni kutenga. Mbao zote za aina ile na za jirani yake zikaguliwe, na zilizoliwa sana zichomwe siku hiyo hiyo, isipokuwa zile zilizotiwa dawa yenye aseniki. Mabaki, magome na vijiti vya zamani viondolewe, kwa kuwa ghala chafu hulea kizazi kinachofuata. Mbao zilizoguswa kidogo zinaweza kuokolewa kwa tanuri. Ufukizaji chini ya turubai huua walio ndani, lakini lazima ufanywe na wataalamu wenye leseni. Gesi ya methili bromidi, iliyotumika sana zamani, imebanwa na Itifaki ya Montreal kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni. Kinyago au kifaa kidogo hufungwa katika mfuko usiopitisha hewa na kugandishwa katika friji la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili.

Dawa ya kupaka au kunyunyizia ubao mkavu haiendi mbali. Faida yake ni kumnasa mdudu anapotoka au jike anapotaka kutaga, kwa hiyo ipakwe kabla ya vanishi na irudiwe. Kujaza matundu kwa nta au gundi husaidia kutambua mapya, hakuui kitu. Dawa za zamani kama dieldrini na lindani zimezuiwa chini ya Mkataba wa Stockholm kwa sababu ya madhara yake ya muda mrefu, na mabaki yake yasitumike hata yakipatikana bure.

9. Soko na wajibu

Wadudu wa mbao hupenya zaidi pale ambapo mnunuzi na muuzaji hawasemi wanachouziana. Jimbo la New South Wales nchini Australia lilitunga sheria mwaka 1977, na Queensland mwaka 1987, zilizodhibiti uuzaji wa mbao zinazoweza kuliwa na Lyctus bila kutiwa dawa. Funzo lake linafaa popote: hatari ijulikane kabla ya fedha kubadilishana mikono. Muuzaji anapaswa kutaja aina ya mti, unyevu wa mbao uliopimwa, kiasi cha sehemu nyeupe, na dawa iliyotumika pamoja na njia ya kuitia. Mnunuzi anapaswa kuuliza hayo manne, kukata sampuli na kuikagua mchana mweupe.

Kila kifaa kinachohitajika kwa kinga na ukaguzi huo kiko ndani ya uwezo wa kiwanda kidogo na karakana ya mtaani: msumeno wa kuondoa weupe, tangi la kuchovya, vijiti vya kupangia, paa, kipima unyevu na chupa ya iodini. Gharama yake ni ndogo kuliko thamani ya mbao zinazogeuka unga, na faida yake hufika kwa mwenye nyumba, kwa fundi na kwa msitu uliotoa mti.